Puto la Kupasuka Mapema

Katika kituo kile cha hali ya hewa palikuwa na tai moja tu, na hakuna aliyeitamani. Ilikuwa kipande cha mpira wa puto lililopasuka zamani, kimekatwa kwa mkasi kikapata umbo la tai, kikatiwa uzi wa kufungia shingoni. Mrusha puto ambaye puto lake lilipasuka kabla ya kufika kilomita thelathini juu aliivaa wiki nzima, kazini na sokoni, na akiulizwa alitakiwa kueleza. Mkuu wa kituo mwenyewe aliwahi kuivaa alipokuwa kijana, na picha ipo. Bi Puto hakuwahi kuivaa hata siku moja.

Ndivyo alivyoitwa, Bi Puto, kituoni na mtaani, na jina la cheti likabaki kwenye cheti. Alikuwa msimamizi wa banda la kurushia, mfupi, mwenye sauti ya kuita watu wa mtaa wa pili, na mikono laini kuliko ya bibi harusi. Mpira wa puto ni mwembamba, ukucha mmoja unatosha kuuharibu. Kwa hiyo alikata kucha kila asubuhi, akavaa glavu za pamba, na pete yake ya ndoa ilikaa kwenye kikombe jikoni tangu siku ya tatu baada ya harusi. Mumewe alizoea kuwaambia watu kwamba yeye ameoa nusu, nusu nyingine imeolewa na puto.

Kujivuna, alijivuna. Puto likishaachiwa na kuanza kupaa, yeye husimama mikono kiunoni na kusema, "Vyaelea vimeundwa," halafu humtazama kila aliyepo mpaka amkubalie. Watu walimkubalia upesi, kwanza kwa sababu ni kweli, pili kwa sababu walitaka kurudi ndani.

Aliyemtia majivuno kuliko puto ni mmoja tu, mtoto wa kaka yake. Alimlea mwenyewe tangu akiwa na meno ya utotoni, akamsomesha, naye akasoma mpaka akawa daktari wa mambo ya anga na kuja kufanya utafiti palepale kituoni. Mbele ya watu Bi Puto alimwita Daktari, tena kwa kuvuta herufi ili asikosekane wa kusikia. Wakiwa wawili alimwita "we mtoto."

Utafiti wa Daktari ulihusu mvua za radi, na alipenda kuueleza kwa sufuria. Anga, alisema, lina kifuniko. Ukipanda juu baridi inazidi na kuzidi, hadi kama kilomita kumi na saba, hapo inagoma kuzidi na joto linaanza kurudi kidogokidogo. Wingu likifika hapo linagonga dari, linatandaza kichwa na kubaki bapa. Juu ya kifuniko hewa ni kavu kuliko jangwa lolote unalolijua. Lakini mvua ya radi kali, ile inayong'oa mabati na kuvunja vioo vya magari, ina nguvu ya kukitikisa kifuniko kama maji yanayochemka. Kichwa cha wingu kinachomoza juu yake kwa muda mfupi, kinamwaga chembe za barafu upande wa pili, kisha kinarudi chini. Barafu ile inageuka mvuke, na mvuke ukishafika kule hauna haraka ya kushuka. Unakaa miezi mingi, unazuia joto la dunia lisitoke, na unaichokoza ozoni inayotukinga na jua.

"Kwa hiyo radi ya dakika chache," Fundi Gesi alimuuliza siku moja, "inaacha mzigo wa miezi?"

"Kama mgeni anayesema amepita kusalimia tu," Daktari akamjibu.

Fundi Gesi ndiye aliyetengeneza haidrojeni ya kujazia maputo, mtu mrefu mwenye utani mwingi na nyusi chache, na hadithi ya nyusi zile ilitosha kuwafundisha wote adabu ya gesi.

Msimu ule Bi Puto alikuwa amekwisha rusha maputo mawili nyuma ya dhoruba, kila moja likiwa limebeba kipima-unyevu, kifaa adimu kinachoweza kuhisi mvuke mchache sana. Mara zote mbili kifaa kilikuta maji juu ya kifuniko, mahali pasipotakiwa kuwa na maji. Daktari alicheza ukumbini. Kisha likaitishwa jopo la ofisi kuu kwa njia ya video, na mwenyekiti wake, mzee mwenye sauti ya upole, akavunja sherehe kwa sentensi mbili. Puto lilipita ndani ya wingu likalowa. Likapanda likiwa limelowa, likatoa mvuke njia nzima, na kifaa kilichoning'inia chini yake kikapima jasho la puto.

Jasho la puto! Bi Puto alikuwa amekaa nyuma ya chumba na kikombe chake cha chai, na aliposikia neno lile uso ulimwaka kama ametukanwa mbele ya wakwe. Puto lake lina jasho? Puto analolishika kwa glavu, analolihifadhi kwenye sanduku lenye joto, asilomruhusu hata Mkuu kulipumulia?

Kilichomuuma zaidi ni kwamba Daktari hakubisha.

"Hoja yao ni ya haki, Shangazi," alisema walipotoka. "Ningekuwa upande ule ningesema vilevile. Wakati wa kupanda, puto liko juu ya kifaa. Siwezi kuapa kwamba maji yale si yake."

Mambo yakawa wazi kwa kila mtu kituoni. Kipima-unyevu kimebaki kimoja. Msimu wa mvua za radi umebakiza siku chache. Jopo limesema lisipopata ushahidi usio na shaka, vipimo vyote viwili vitafutwa, utafiti utafungwa, na itabaki imeandikwa kwamba walichokiona ni unyevu wa vyombo vyao wenyewe.

Jioni ya kesho yake Daktari akaja nyumbani kwa shangazi yake, akaingia moja kwa moja jikoni, akaegemea friji. Mjomba wake wa hiari, yaani mume wa shangazi, alikuwa mezani anamenya vitunguu.

"Shangazi, mpanda ngazi hushuka."

"Umekuja kuniomba au kunitisha?"

"Sikiliza. Kifaa hakipimi wakati wa kupanda tu. Puto likipasuka kinashuka kwa mwavuli, na kinaendelea kupima. Kinashuka peke yake. Puto halipo tena. Kikikuta maji wakati wa kushuka, watasema jasho la nani?"

Bi Puto akaacha kukoroga. "Basi si tutazame vipimo vya kushuka vya yale mawili?"

"Havipo. Maputo yako yalipanda mno. Yalipopasuka upepo ulikuwa umeshayapeleka nyuma ya milima, kifaa kikashuka huko, antena yetu haikukisikia. Tunataka kishuke hapahapa, kipite tena kwenye hewa ileile." Akapunguza sauti. "Kwa hiyo puto lipasuke mapema. Juu ya kifuniko kidogo tu. Kilomita ishirini na moja, ishirini na mbili."

Kisu cha vitunguu kikasimama. Bi Puto akaweka mwiko chini polepole, na mumewe, aliyemjua, akasogeza kiti nyuma.

"Nimekulea. Nimekufuta makamasi. Leo unakuja jikoni kwangu kuniambia nivae tai?"

"Itakupendeza," mumewe akasema.

"Wewe menya! We mtoto, puto langu halijawahi kurudi mapema kama mwanafunzi aliyefukuzwa shule. Halijawahi. Mwambie Mkuu arushe yeye, ana uzoefu wa kupasua."

"Mkuu hawezi kulipasua pale ninapotaka. Akikosea chini, litapasuka ndani ya wingu. Akikosea juu, litavuka milima." Daktari akajiondoa kwenye friji. "Mimi wakinifutia utafiti nitaanza mwingine. Nitalia, halafu nitaanza. Lakini walisema jasho la puto, Shangazi. Puto ni lako. Neno hilo litabaki hapa na wewe."

Akaaga akaenda zake, akimwacha shangazi na wali unaotaka kuungua.

Usiku ule Bi Puto alijigeuza kitandani mpaka mumewe akahamia sebuleni. Asubuhi alimpigia Daktari kabla hata ya kupiga mswaki. "Kupasua puto anaweza yeyote," alisema bila salamu. "Kulipasua mahali unapotaka, hapo ndipo kazi. Nipe uzito wa kifaa chako."

Akajiingiza kwenye kazi ile kwa nguvu zake zote. Puto hupasuka pale mpira unapochoka kutanuka, kwa hiyo ukitaka lipasuke chini zaidi, lijaze zaidi kutoka ardhini, lianze safari limeshiba. Ila puto lililoshiba hupaa kama limeona mzimu, na kifaa kinataka mwendo wa taratibu. Dawa yake ni kulitwisha mzigo. Daktari akapendekeza mfuko wa mchanga, ufungwe juu, chini tu ya mwavuli, na kifaa kiwe chini kabisa kwenye uzi mrefu ili wakati wa kushuka kitangulie kukutana na hewa ambayo haijaguswa.

"Mchanga una unyevu," Bi Puto akasema. "Nikiufunga hivihivi, yule mzee ataniambia jasho la mchanga."

Ndiyo maana mumewe aliporudi kutoka kazini siku ile alimkuta mkewe jikoni, aproni kiunoni, anakaanga mchanga kwenye kikaango kikubwa, anaugeuza kwa makini, anaunusa.

"Leo tunakula mchanga?"

"Wewe utaula ukiendelea kuuliza."

Akatazama kidogo, akaoga, akarudi akashika mwiko kumpokea, maana mkono ulikuwa umemchoka.

Dhoruba ilikuja siku mbili baadaye, mchana. Ilianza kwa giza, halafu upepo ukaitupa ishara ya maegesho uwanjani, kisha mvua ya mawe ikapiga bati la banda hata watu wakawa wanaongea kwa mikono. Daktari alikuwa ameganda mbele ya rada. Akaja mbio kupitia koridoni, viatu vinateleza. "Wingu limetoboa! Limepita kifuniko!"

Lakini hakuna aliyegusa gesi. Kituoni sheria ni moja: ngurumo ikisikika, valvu haifunguliwi. Bi Puto ndiye aliyeitunga, na nyusi za Fundi Gesi zilikuwa shahidi. Wakakaa bandani kwenye benchi, watu wazima wanne, wanasikiliza radi inavyosogea. Daktari alipiga hesabu zake mara kwa mara. Upepo wa juu ya kifuniko ulikuwa unavuma kinyume na ule wa chini, kwa hiyo dhoruba inaondoka, na kile ilichokimwaga juu kinarudi kuwapitia kichwani. Kisha kitapita. Radi ikichelewa kunyamaza, kazi imekwisha.

Ngurumo zikawa za mbali, kisha za kukisia tu. Mkuu akatoka nje, akasikiliza, akarudi. "Haya."

Bandani kukawa na kazi bila maneno. Puto likalazwa juu ya meza yenye kitambaa laini, shingo ikafungwa kwenye bomba, gesi ikaanza kuingia kwa mluzi mdogo, na ule mpira mweupe ukaamka, ukakaa, ukasimama. Manyunyu yalikuwa bado yanaendelea. Bi Puto alifungua valvu na kufunga, akaongeza kidogo. Alipokwenda kukagua mafundo ya mfuko wa mchanga, Fundi Gesi alibaki kwenye valvu. Aliporudi akashika shingo ya puto kwa mikono miwili, akasita.

"Umeongeza?"

"Gesi ya mvua tu," Fundi Gesi akasema. "Si kunanyesha?"

Kila banda la maputo lina desturi hiyo: kukinyesha, unaongeza gesi kidogo, maana maji yanayotua mgongoni mwa puto yana uzito. Mkono hufanya wenyewe, bila kuuliza kichwa.

"Na mimi nimeweka ya mvua."

Fundi Gesi akaondoa mkono kwenye valvu. Puto lilikuwa limeshiba mara mbili. Hivyo lilivyo lingepasuka chini ya kifuniko, tena katikati ya wingu lenyewe, na kipima-unyevu cha mwisho kingeshuka bila kukaribia yale maji. Kupima upya kwa mizani kulitaka puto lifunguliwe, lifungwe, litulie. Daktari alitazama angani, na kijasho chembamba kilikuwa kimemtoka juu ya mdomo.

"Shangazi, muda..."

"Milango yote wazi. Tokeni."

Akabaki peke yake na puto. Alilegeza shingo, akaiacha gesi itoke kidogokidogo kati ya vidole, macho amefumba, huku mikono ikisikiliza jinsi linavyovuta. Wangapi walikuwa wamemuuliza miaka yote hiyo anajuaje, na yeye akawajibu, "Kwa kujua." Lilivuta sana. Likavuta kiasi. Likavuta kama anavyotaka. Akakaza fundo.

Fundi Gesi alikuwa mlangoni, mnyonge, na mkononi alikuwa na ile tai. Alikuwa ameitoa kwenye msumari ili ajivike mwenyewe kwa aibu ya kosa lake.

"Lete hapa," Bi Puto akasema. "Leo ina mwenyewe." Akaivaa juu ya koti la kazi, akainyoosha kifuani kama mtu anayekwenda kuapishwa, akalikamata puto lake.

Walitoka nalo uwanjani, yeye mbele, Daktari nyuma akiwa amekumbatia kifaa kama kichanga. Upepo uliwavuta huku na kule. Bi Puto akakimbia hatua chache kufuata upepo, akaachia. Puto likaondoka, mwavuli ukafuata, mchanga ukafuata, na mwisho uzi mrefu ukakinyakua kifaa kutoka mikononi mwa Daktari kwa upole. Safari hii Bi Puto hakusema kitu. Alitazama mpaka lilipoingia mawinguni, kisha akaingia ndani haraka kuliko wote.

Chumba cha kupokelea ishara kilikuwa na kompyuta mbili na viti vitatu. Namba zikaanza kupanda. Wingu, maji mengi, kama ilivyotarajiwa. Kilomita kumi na nne. Kumi na sita. Kifuniko. Hewa ikakauka ghafla. Halafu, juu kidogo ya kumi na nane, mstari wa unyevu ukaruka.

"Maji!" Mkuu akapiga meza.

"Hayo watayakataa," Daktari akasema bila kubandua macho. "Puto bado lipo."

Kumi na tisa, kavu. Ishirini. Ishirini na moja. Bi Puto alisimama nyuma ya kiti, kucha zake fupi zimekwama kwenye kitambaa cha kiti. Maisha yake yote alikuwa akiyaombea maputo yafike mbali zaidi. Ishirini na moja na nusu. Kila hatua sasa ilikuwa inakipeleka kifaa nje ya hewa ile. Ishirini na mbili.

"Pasuka, mwanangu," akanong'ona. "Inatosha. Pasuka."

Namba ikasimama. Kisha ikaanza kurudi chini.

Hakuna aliyeshangilia. Fundi Gesi alikaa sakafuni. Ishirini, kavu. Kumi na tisa, kavu, kavu kabisa, na Daktari akaweka mkono mdomoni. Puto lilikuwa vipande vinavyoelea huko nyuma, mchanga mkavu ulikuwa juu, na kifaa kilikuwa kinatangulia peke yake kwenye hewa safi. Kumi na nane na ushei. Mstari ukaruka, palepale uliporuka mwanzo, kwa kiasi kilekile.

Daktari hakucheza safari hii. Aligeuka akamkumbatia shangazi yake kiunoni, uso ukazama kwenye koti la kazi. "Ni ya dhoruba," akasema. "Ni ya dhoruba, Shangazi. Si ya kwako."

"Si nilikuambia," Bi Puto akasema, na sauti yake haikufika mtaa wa pili.

Walipiga simu ofisi kuu kifaa kikiwa bado hakijagusa ardhi. Daktari akaweka spika. Mwenyekiti wa jopo alikuwa na grafu mbele yake, wakamsikia akipumua, akiguna, akimwita mtu mwingine aje aone.

"Wakati wa kushuka," akasema. "Na puto lilikuwa wapi?"

"Halikuwepo. Lilikuwa limeshapasuka."

"Kwenye kilomita ishirini na mbili? Chini hivyo?" Yule mzee akacheka kwa furaha ya kweli. "Basi hapa hakuna ubishi. Maji yametoka kwenye dhoruba. Nawapongeza. Tena mmepata bahati kubwa, lingepanda zaidi mngekosa kila kitu."

Bi Puto akanyoosha mkono, akaisogeza simu kwake.

"Baba, samahani nakukatiza. Bahati ni ya nani?"

"Nani mwenzangu?"

"Hilo puto nimelipasua mimi."

Daktari angeweza kuichukua simu, kulainisha maneno, kueleza kwa lugha ya jopo. Alikaa wima kwenye kiti.

"Huyo ni shangazi yangu," akasema. "Mwandikeni kwenye utafiti."